Mkuu wa Kituo Aliyerudi Kuvuta Mpira wa Maji

Ndugu zetu, majirani zetu, nanyi wenzetu wa zimamoto mliokuja na sare zenu, familia imenituma mimi, kitinda mimba wa nyumba yetu, nisome habari za maisha ya kaka yetu. Yeye mwenyewe alishaniambia kwamba siku hii ikifika nisimwandikie maneno makubwa, kwa sababu maneno makubwa humkwama mtu anayelia. Nitajitahidi kusema kwa maneno ya kawaida. Nikikwama, mnivumilie.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 12 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko kuu, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano. Baba yetu alikuwa fundi viatu na mama aliuza mboga. Mtoto wa kwanza alifariki akiwa mchanga, kwa hiyo marehemu ndiye tuliyemjua kama kaka mkubwa, na kwetu hilo ndilo lililokuwa jina lake. Mama alisema alizaliwa mrefu na akaendelea kurefuka bila breki, hata sare za shule zikawa zinamwacha kabla mwaka haujaisha. Jioni baada ya masomo alikaa na baba kibandani. Kazi yake ilikuwa kupiga magoti mbele ya mteja, kumvisha kiatu kilichoshonwa, kufunga kamba, kisha kuuliza swali moja alilofundishwa na baba: "Panabana wapi?" Wateja wengine walikuwa watu wazima wenye vyeo vyao, wengine walikuwa watoto wenzake wa darasani waliomcheka. Wote aliwauliza kwa sauti ile ile.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa mtaa wa pili kutoka nyumbani, kisha sekondari ya kutwa ya wavulana, akamaliza kidato cha nne mwaka 1975. Wanafunzi wenzake wa enzi hizo, ambao nawaona hapa wamekaa na bakora zao, wanakumbuka mwaka aliofanywa kiranja wa darasa. Mwalimu alitoka akamwachia chaki aandike ubaoni majina ya wapiga kelele. Aliporudi alikuta jina la kiranja ndilo la kwanza. "Hili nalo ni la nini?" mwalimu akauliza. Marehemu akajibu kwamba alipokuwa anawanyamazisha wenzake, sauti iliyosikika mbali kuliko zote ilikuwa yake. Mwalimu akamchapa wa kwanza, tena kwa bidii. Ningependa kuwaambia kwamba darasa lilijifunza kitu siku ile, lakini nimeambiwa kesho yake kelele zilikuwa pale pale.

Mwaka 1978 alijiunga na zimamoto kama kuruta. Katika juma la kwanza wenzake walimpa jina la Ngazi, kwa sababu ya miguu yake tu. Baadaye wako waliojaribu kulipa jina hilo maana nzuri, kwamba wengi walipanda juu kupitia kwake. Yeye alikataa katakata. "Ni miguu," alisema. "Msinitungie mashairi." Alianzia chini kabisa kama kuruta wote: kuosha magari, kuanika mipira ya maji kwenye mnara wa kituo, kuikunja ikikauka, kufagia gereji. Kazi ya mipira aliipenda. Hata alipopata cheo aliendelea kuikunja, na alisema mtu akiukunja mpira kwa mikono yake atajua ulipochoka kabla haujapasuka.

Sasa sina budi kueleza jambo lililotokea mwaka 1984, kwa kuwa bila hilo hamtaelewa yaliyofuata.

Kituoni alikuwa na rafiki waliyemwita Redio. Jina hilo lilimfaa. Alianza kuongea akipiga mswaki, akanyamaza usingizi ulipomzidi, na nimeambiwa hata hapo hakunyamaza kabisa. Walilala vitanda vinavyotazamana, wakavaliana viatu, wakakopeshana mashati. Asubuhi moja ghala la mafuta ya kupikia lilishika moto. Wote wawili waliingia wakiwa na mpira mmoja, nyuma ya mkuu wao wa wakati huo, mtu aliyeheshimika sana na mkali sana. Ndani, Redio alitazama juu, akamsogelea marehemu akamwambia, "Ngazi, hii dari siipendi."

"Mwambie mkuu," marehemu akasema.

"Mwambie wewe. Mimi jana tu kanifokea."

Hakuna aliyesema. Walikuwa vijana wadogo, na mkuu alikuwa mbele yao anafanya kazi yake. Dari ilianguka upande wa Redio. Marehemu alisaidia kumtoa, akapanda naye gari mpaka hospitali, akarudi kituoni peke yake. Kaka yetu hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Siku ile alikuja nyumbani na sare yake ya masizi, akakaa kwenye kigoda cha baba, akasema, "Mtu aliyeongea maisha yake yote. Siku moja tu ndiyo aliogopa kuongea, na mimi niliogopa pamoja naye." Baba aliacha sindano, akamshika bega, wakakaa hivyo mpaka mama akawaita kula.

Mwaka uliofuata alikutana na wifi yangu. Alikuwa mwalimu wa chekechea, naye marehemu alitumwa shuleni kwao kuwafundisha watoto namna ya kujiokoa na moshi. Watoto walipoona kofia ngumu na barakoa walipiga mayowe, wengine wakajificha chini ya meza. Basi akavua kofia, akajilaza sakafuni, urefu wake wote ule, akaanza kutambaa kwa tumbo huku akiwaita mmoja mmoja wamfuate kama gari moshi. Mwalimu alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Wewe mtu mzima," akamwambia, "unajua hiyo sakafu imemwagiwa uji asubuhi?" Akajibu kutoka chini, "Nimeshajua, mwalimu." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 7 Desemba 1985, na Mungu akawajalia watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja katikati. Wifi amenikataza kueleza mengi kuhusu uchumba wao. Ameniruhusu kusema tu kwamba shati lile halikutoka doa la uji.

Mwaka 1996 alipandishwa cheo akawa mkuu wa kituo. Familia ilihamia nyumba ya mkuu iliyo ndani ya ua wa kituo, yenye baraza na maua ambayo wifi aliyatunza kama watoto. Wengi hapa mlipita mikononi mwake wakati huo. Alichemsha chai ya zamu kwa mkono wake, akamimina, akanywa wa mwisho, na mara nyingi sukari ilikuwa imekwisha zamu yake ilipofika. Kuruta akifika kituoni kwa mara ya kwanza, mkuu ndiye aliyepiga magoti kumpima buti, akibonyeza kidole gumba na kumuuliza panapombana. Lakini ukiachilia mbali chai na buti, jambo kubwa alilofanya lilikuwa sheria moja. Aliiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa gereji: "Ukiona, sema. Ukisikia TOKA, toka." Maana yake ilikuwa kwamba mkiwa ndani ya moto, yeyote, hata aliyejiunga jana, akihisi hatari ana ruhusa ya kusema "toka," na wote watatoka mara moja, mkuu akiwamo. Maswali yatafuata nje.

Wakubwa kazini hawakuipenda sheria hiyo, lakini kwa miaka saba haikuwaletea shida, wakaiacha.

Kisha ikaja Jumatano tarehe 20 Agosti 2003. Baada ya chakula cha mchana, karakana ya samani iliyo barabara ya kiwandani ilishika moto. Mwenyewe, fundi seremala mwenye familia kubwa, alikuwa nje ameshika kichwa. Watu wote walikuwa wameshatoka, lakini ndani kulikuwa na mashine zake, mbao kavu, na vitanda vya oda vilivyokuwa tayari kuchukuliwa. Marehemu aliingia na watu wake, na kwa maelezo ya wote waliokuwapo, walikuwa wanaushinda moto. Miongoni mwao alikuwamo kuruta wa kike, mdogo kwa umbo na mpya kazini, ambaye wenzake walimwita Kifaranga. Kifaranga alisikia mlio mkubwa juu ya kichwa chake, kama boriti inayovunjika. Akapiga kelele, "Toka!"

Wote wakatoka. Marehemu alikuwa mbele kabisa akiwa ameshika mdomo wa mpira, naye aliuacha akatoka.

Wakasimama nje wakisubiri paa lianguke. Halikuanguka. Mlio ule ulikuwa wa tangi la maji lililodondoka kutoka kwenye kichanja chake nyuma ya ukuta. Walipojua hivyo na kurudi ndani, moto ulikuwa umeshafika kwenye stoo ya vanishi. Karakana ikateketea yote. Watu waliojaa barabarani walizomea. "Zimamoto gani wanakimbia moto!" Fundi seremala alimshika marehemu kola ya koti akamwambia, "Ulikuwa umeshafika! Nilikuona! Ulikuwa umeshafika!" Marehemu hakujitetea. Alisema, "Ndiyo, Fundi. Nilikuwa nimefika."

Juma lililofuata aliitwa mbele ya kamanda kutoka makao makuu. Yaliyosemwa humo tumeyapata kwa aliyekuwa naibu wake, ambaye naye aliitwa. Ametusimulia juzi tulipokaa nyumbani kwa marehemu.

"Nani alitoa amri ya kutoka?" kamanda aliuliza.

"Mimi, afande."

"Nimeambiwa ni yule binti."

"Yeye alisema. Mimi ndiye niliyetii, na wengine wakaniona nikitoka."

"Mkuu wa kituo anamtii kuruta?"

"Ndani ya moto, ndiyo, afande."

Kamanda akamwambia mambo yanaweza kwisha kirahisi. Kuruta afukuzwe kazi kwa kuzusha hofu, sheria ifutwe ukutani, na mkuu abaki na kituo chake. Naibu anasema marehemu aliangalia mikono yake. Kisha akasema, "Afande, ukuta ni wa serikali, ufuteni. Lakini huyu binti nikimfukuza, kuanzia kesho hakuna atakayefungua kinywa kituoni kwangu. Wataniheshimu sana. Watakufa na adabu zao." Akaongeza kwamba kama lazima kosa lipate mwenyewe, sheria ni yake na kosa ni lake.

Akavuliwa cheo. Alirudishwa kuwa askari wa kawaida wa zimamoto, katika kituo kile kile, chini ya naibu wake, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Wako waliodhani ataacha kazi, na nadhani wako waliotumaini hivyo.

Ilibidi familia ihame nyumba ya mkuu. Sitawadanganya kwamba wifi yangu alicheka. Alifunga vyombo kimya, akang'oa maua mengine na mizizi yake akayatia kwenye makopo, na kwa siku kadhaa alimjibu mumewe neno moja moja. Mwisho akamwambia, "Sawa. Nimekubali. Lakini hili kabati utalibeba wewe." Lilikuwa kabati la mninga la milango mitatu. Marehemu akaliinamia, likakataa kabisa. Ndipo wenzake wa kituo wakaingia, naibu akiwa wa mbele, wakalibeba mpaka kwenye vyumba vya kupanga mtaa wa jirani, huku wifi akiwaelekeza kwa sauti ya mkuu wa kituo. Mama yetu, aliyekuwa hai bado, alikuja kumtazama mwanawe. "Ni kweli wamekuvua cheo?" akauliza. "Kweli, mama," akajibu, "lakini fulana wameniachia." Mama alicheka mpaka akajifuta machozi na kanga, na mpaka leo sijui yale machozi yalikuwa ya nini.

Kifaranga alimfuata huko kwenye vyumba vya kupanga, sare yake imekunjwa kwenye mfuko wa plastiki. Alimkuta marehemu amekaa chini anashona kiatu cha mtoto.

"Mzee, nimekuja kukuaga. Naacha kazi."

"Unakwenda wapi?"

"Sijui. Lakini nimekuponza. Nitawaangaliaje wale watu?"

Marehemu akakata uzi kwa meno. "Nilikuomba ukisikia kitu useme. Ukasikia, ukasema. Sasa hapo umeniponza nini?"

"Nilikosea, mzee."

"Ulikosea. Na siku nyingine ukisikia kitu, sema."

"Na nikikosea tena?"

"Tutatoka tena," akasema. "Rudi kazini. Na hiyo sare umeikunja vibaya."

Akarudi. Nadhani angekuwa mtu mwingine angemwambia kwamba hakukosea, ili kumfariji tu. Kaka yetu hakuwa na tabia hiyo.

Asubuhi ya kwanza ya kazi yake mpya alisimama kwenye mstari wa gwaride pamoja na vijana, kichwa chake kikiwa juu ya vichwa vyote. Mkuu mpya, yule aliyekuwa naibu wake, alipopita, marehemu akampigia saluti. Mkuu mpya alishindwa kuipokea. Akamvuta kando baada ya gwaride akamwambia, "Mzee, tafadhali, wewe usinipigie saluti. Naona aibu." Marehemu akamjibu, "Usipoipokea saluti yangu, hawa watoto wataipokeaje amri yako?" Kuanzia siku hiyo alimwita "afande" bila utani wala uchungu, mbele yake na nyuma yake. Hata nyumbani, mtu akimsema mkuu mpya, aliinuka akaenda kuangalia kama kuku wamefungiwa.

Mwanzoni mkuu mpya alikuwa na desturi ya kumfuata pembeni kumuuliza afanyeje. Marehemu alimvumilia kwa muda, kisha akamwambia, "Afande, niulize mbele ya wenzangu, kama unavyowauliza wao. Ukiniuliza pembeni, kituo kitakuwa na wakuu wawili, na moto hauwezi kusubiri wakubaliane." Ilipofika amri kutoka makao makuu kwamba yale maandishi ukutani yafutwe, mkuu mpya hakuwa na moyo wa kumpangia mtu kazi hiyo. Siku zikapita. Mwisho marehemu mwenyewe aliomba rangi nyeupe na brashi. Alipiga mkono wa kwanza, akasubiri ukauke, akapiga wa pili, mpaka hakuna kilichoonekana. Vijana walisimama wakimtazama, baadhi yao wakiwa na hasira. Mmoja akamuuliza, "Mzee, huoni uchungu?" Akasema, "Naona. Nishikie hii ndoo." Mkuu mpya hakuandika kitu kingine mahali pale. Ila tangu hapo, kila walipofika kwenye moto, kabla ya kuingia aliwauliza watu wake wamegundua nini, akianzia kwa aliye mdogo kuliko wote. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo.

Sasa nieleze habari za Fundi, kwa kuwa yupo hapa, na ameniruhusu.

Siku zake za mapumziko, marehemu alikuwa akienda kwenye kile kiwanja cha karakana iliyoungua. Siku ya kwanza Fundi alimuuliza, "Umekuja kufanya nini?"

"Kusaidia."

"Siku ya kusaidia ulitoka."

Marehemu akaanza kuokota mabati, akichambua yanayofaa na yasiyofaa, akanyoosha misumari kwenye jiwe. Jioni akaondoka. Akaja tena siku nyingine, na nyingine, na Fundi hakumpa hata salamu. Kisha siku moja Fundi alikuwa anahangaika na boriti peke yake, akageuka akasema, "Wewe mrefu, shika huku." Ndivyo ilivyoanza. Walijenga ukuta, wakapiga paa, na karakana ilipofunguliwa tena, ndogo kuliko ya zamani, marehemu ndiye aliyefagia maranda. Waliendelea kutembeleana miaka yote. Lakini juzi Fundi aliniambia jambo, nami nikamuuliza kama naweza kulisema, akasema niliseme kama lilivyo. Alisema, "Ile karakana yangu sijamsamehe. Angekaa ndani kidogo tu ingepona, na wanangu wawili wasingeacha shule. Lakini kila nilipopata shida, mtu niliyemwita ni yeye." Fundi, asante kwa kusema kweli. Kaka yetu naye alilijua hilo. Wifi aliwahi kumuuliza kama anajuta. Akajibu, "Karakana naijutia kila nikipita pale. Kutoka, hapana." Alibeba yote mawili, na sikumsikia hata siku moja akitafuta njia ya kutua moja.

Alistaafu tarehe 12 Machi 2017 akiwa na cheo kile kile cha askari wa kawaida. Sherehe ilikuwa fupi kwa sababu king'ora kililia katikati ya hotuba. Wageni wakabaki wanatazamana na keki. Marehemu, akiwa na suti yake mpya, alikwenda gereji akaanza kukunja mipira iliyokuwa imeanikwa, ili waliotoka wakirudi wasiikute kazi hiyo.

Mwaka 2021 mapafu yake, yaliyokula moshi kwa karibu miaka arobaini, yalianza kumsumbua. Kwanza zilimshinda ngazi za nyumbani, zikampa yeye na wajukuu sababu ya kutaniana kuhusu jina lake. Baadaye ikawa hata kufunga kamba za viatu ni kazi. Alilazwa mara kadhaa hospitali kuu, wodi ya wanaume, akipumua kwa msaada wa oksijeni. Huko nako hakutulia. Kitanda cha jirani alikuwapo mzee aliyepooza upande mmoja, na kila mara wauguzi walimkuta marehemu amesimama, bomba la oksijeni likimvuta puani, anamwekea mwenzake mto sawa au anamshikia kikombe. Muuguzi wa zamu akamgombeza. "Mzee, wewe ni mgonjwa!" Akamjibu, "Najua, mwanangu. Lakini mgonjwa mwenye mikono." Wifi hakuondoka kando yake. Watoto walipokezana. Katika siku zake za mwisho hakuwa na nguvu ya kuzungumza sana, ila aliyajua majina ya wafagiaji wote wa wodi ile, na wao walikuja kumuaga mmoja mmoja.

Alifariki dunia Alhamisi asubuhi, tarehe 6 Juni 2024, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa mkewe, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliolala nasi msibani, na mkuu wake, aliyekuwa naibu wake, ambaye sasa naye ni mstaafu, na ambaye amesimama mlangoni tangu siku ya kwanza akipokea wageni na kuwapa viti.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wakwe wawili na wajukuu saba, wa mwisho akiwa bado ananyonya. Ameacha wadogo zake wawili tuliobaki, kaka yangu na mimi. Watoto wake wameomba nimtaje pamoja nao Kifaranga, ambaye leo ni mkufunzi wa makuruta, na ambaye hatukujua tumweke kundi gani, ndugu au wafanyakazi wenzake, mpaka wifi aliposema, "Mwandikeni na wanangu."

Nina jambo moja la mwisho. Baadhi yenu mmeuliza mbona hakuna gari la zimamoto hapa, wala gwaride, wala king'ora cha kumsindikiza mtu aliyetumikia kikosi muda mrefu hivyo. Kikosi kilikuwa tayari. Ni yeye aliyekataa. Juma moja kabla ya kufariki aliwaita waliokuja kumtazama, akawaambia kwa pumzi ile ndogo iliyobaki kwamba siku ya kuzikwa kwake mtu yeyote aliye zamu asiondoke kituoni. Waliojaribu kubishana aliwatazama tu. Hakuwa na cheo cha kutoa amri hiyo, lakini imetiiwa. Mnaowaona hapa na sare ni wale wa mapumziko. Wengine wako kituoni saa hii, magari yakiwa yamegeuzwa kuelekea barabarani, mipira imekunjwa, wanasikiliza simu.

Mungu ampokee kaka yetu na kumpumzisha salama. Kazi ya leo wanayo wenzake.